Mpunga kwenye shimo la mchanga: mwongozo kamili wa kuirudishia rutuba ardhi iliyochimbwa

Ujumbe ninaoupata kuhusu mpunga kwenye mashimo yaliyoachwa na wachimba mchanga, iwe Mabwepande, Chanika au Kigamboni hapa Dar es Salaam, unafanana sana. Shimo lilituama maji wakati wa masika, mwenye nalo akaona amepata bonde, akapanda mpunga na miche ikashika. Alipotia urea, majani yakawa ya kijani kwa wiki moja, kisha yakarudi kuwa manjano. Akaongeza urea, na umanjano ukarudi tena. Mwisho wa msimu akavuna mapepe.

Tatizo haliko kwenye mfuko wa mbolea. Mchimbaji aliondoka na udongo wa juu, wenye mboji na wadudu wanaoulainisha, na mara nyingi akaondoka pia na tabaka la mfinyanzi lililokuwa linazuia maji. Kilichobaki ni chekeche: unachomwaga juu kinatokea chini. Kwa hiyo kazi inaanza na kurudisha uwezo wa ardhi kushika maji na chakula, halafu ndipo ulishe mpunga. Anayeanza na mbolea anapoteza fedha, na mbolea yake inaishia kwenye maji ya visima vya majirani.

Vipimo vyote humu ni vya jaluba moja, yaani kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta, la mita 10 kwa 10. Ekari moja ina majaluba kama 40 ya ukubwa huo. Nakusihi uanze na jaluba moja tu, maana kazi ni nzito na shimo lako lina tabia zake ambazo utazijua kwa kulima.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kupima:
- chupa tatu za maji za plastiki zinazopitisha mwanga, na sabuni ya unga kidogo
- siki nyeupe, chupa ndogo
- rula, kijiti kilichonyooka na ndoo moja
- karatasi za kupimia pH (kipimo cha tindikali ya udongo), au mfuko safi wa kupeleka udongo maabara

Kwa ardhi:
- mfinyanzi, mita za ujazo 7 (tipa moja la kawaida, au safari kadhaa za kirikuu)
- samadi ya ng'ombe iliyooza au mboji, kilo 250. Ukikosa, samadi ya kuku iliyooza isiyozidi kilo 80
- maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa mkaa, viroba 4 hadi 6
- mbegu ya marejea (mmea wa kurutubisha udongo), kilo moja
- vipande vya mabingobingo vya kupanda kwenye kingo

Kwa mpunga:
- mbegu iliyothibitishwa, gramu 250
- DAP (mbolea ya kupandia yenye fosforasi) kilo 1.25, au mbolea ya fosfeti ya Minjingu kilo 2 kama udongo ni wa tindikali
- urea kilo 1.25, au SA (salfeti ya amonia) kilo 2.7 kama udongo una chokaa
- MOP (mbolea ya potasiamu) gramu 600
- zinki salfeti gramu 250

Zana ni jembe, koleo, reki, kamba yenye vifundo kila sentimita 20, kipande cha gogo la kushindilia, gambuti na glovu. Usikubali kuingia kwenye maji ya shimo ukiwa peku. Maji yaliyotuama yenye konokono ndiyo makazi ya kichocho.

## Hatua ya 1: Hakikisha shimo lenyewe linafaa

Yapo mashimo yasiyofaa kulimwa chakula hata uyafanyie nini. Yachuje sasa, kabla hujaita tipa.

Shimo lililofanywa dampo. Taka zenye betri, vyuma, vifaa vya umeme au mabaki ya karakana huacha madini mazito kama risasi na kadimiamu, na mpunga una tabia ya kunyonya kadimiamu na kuipeleka kwenye punje. Hutaiona wala kuisikia mdomoni. Hali ni hiyo hiyo kwa shimo linalopokea maji ya Mto Msimbazi pale yanapokuwa yamechanganyika na maji taka ya viwanda. Shimo la namna hii panda miti.

Utando unaong'aa juu ya maji. Chukua kijiti uuguse. Utando ukivunjika vipande vipande vyenye kona, hiyo ni chuma inayotoka ardhini na inashughulikiwa, nitaeleza mbele. Utando ukitawanyika kisha ukajikusanya tena wenyewe, hayo ni mafuta yaliyomwagika kutoka kwenye mtambo wa kuchimbia au malori. Sehemu hiyo chimba, ondoa udongo wote ulioloa mafuta, na usilime hapo msimu huu.

Chumvi. Upande wa Kigamboni na maeneo yaliyo karibu na bahari, angalia ukungu mweupe juu ya udongo wakati wa kiangazi. Ukiuona, mwombe afisa ugani wa kata akupimie chumvi ya maji. Mpunga huanza kupungua mazao chumvi ikizidi kipimo cha 3 cha desisimensi kwa mita.

Karatasi. Kuwa na maandishi na mwenye ardhi, yaliyopita ofisi ya serikali ya mtaa. Kama shimo liko kando ya mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, kwa hiyo ulizia NEMC, taasisi ya serikali ya mazingira, kabla ya kujenga matuta au kuchepusha maji. Kusukuma maji ya mto kwa pampu kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Ukiweza kumudu gharama, peleka udongo maabara ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano, Tanga. Chukua udongo sehemu kumi za jaluba, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, peleka kama kilo moja. Omba pH, mboji, fosforasi, potasiamu na zinki. Kama una wasiwasi na historia ya shimo, omba pia risasi na kadimiamu.

## Hatua ya 2: Lijue shimo lako ni la aina gani

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo msimu unapoamuliwa. Kuna vipimo vitatu, vyote vya nyumbani.

Chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa, tia maji mpaka karibu na shingo, ongeza kijiko kidogo cha sabuni ya unga, tikisa dakika tano. Weka mezani. Kinachotua dakika ya kwanza ni mchanga. Kinachotua ndani ya saa mbili ni chembe za kati, laini kuliko mchanga. Kinachotua kesho yake ni mfinyanzi. Weka alama kwa kalamu kila tabaka linapoonekana. Kama mchanga umechukua zaidi ya robo tatu ya udongo wote, huna budi kuleta mfinyanzi.

Siki. Weka udongo mkavu kwenye kisosi, dondoshea siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa. Hii ni kawaida kwenye machimbo ya mawe na kokoto upande wa Wazo, Boko na Kunduchi, ambako chini ni mawe ya matumbawe. Udongo wa chokaa huficha zinki, chuma na fosforasi, mmea unakosa chakula kilichopo miguuni pake. Hapo usitie majivu, usitie chokaa, na usinunue Minjingu, kwa sababu mbolea hiyo inahitaji tindikali ili iyeyuke. Urea nayo kwenye udongo huu hupotea hewani kirahisi, ndiyo maana nimeweka SA kwenye orodha.

Udongo usipotoa povu, pima pH. Mashimo mengi ya mchanga mwekundu au wa njano husoma kati ya 5 na 6, na hapo Minjingu hufanya kazi nzuri na kwa bei nafuu. Ikishuka chini ya 5, tia chokaa ya kilimo kama kilo 25 kwa jaluba, mwezi mmoja kabla ya kupanda.

Maji. Chimba kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yaache yazame yote. Jaza tena na sasa pima kwa rula yanashuka kiasi gani kwa saa moja. Yakishuka vidole viwili au zaidi, hilo ni shimo kavu: linavuja. Kama badala ya kushuka maji yanachomoza yenyewe toka chini, una shimo la chemchemi, na shida yako itakuwa kutoa maji. Wa shimo la chemchemi asihangaike na sakafu ya mfinyanzi ya hatua ya 4. Achimbe mfereji wa kutolea maji, atulize kuta kwa hatua ya 3, kisha aende moja kwa moja hatua ya 5.

*Utajua umefaulu* ukiweza kusema kwa sentensi moja: langu ni kavu au la chemchemi, la chokaa au la tindikali. Iandike, maana kila uamuzi unaofuata unategemea hiyo.

## Hatua ya 3: Tuliza kuta

Kuta za machimbo husimama wima na huporomoka bila taarifa, hasa baada ya mvua ya usiku. Usilime wala kukaa chini ya ukuta uliosimama. Ulaze: kwa kila mita moja ya kwenda juu, mguu wake usogee mita mbili. Kisha panda mabingobingo kwa mistari ya kukata mteremko, ili mchanga usishuke na kuzika miche.

Chagua jaluba lililo mbali na ukuta kwa umbali unaozidi urefu wa ukuta wenyewe. Kama sehemu nyingine ya shimo ina maji marefu, izungushie uzio wa miiba au fito. Watoto wa jirani wanafuata maji, na jiji hili limeshazika watoto waliozama kwenye mashimo kama hayo.

## Hatua ya 4: Tengeneza sakafu inayoshika maji

Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, kabla ya vuli.

Kwanza hakiki mfinyanzi unaoletewa. Loanisha kiganja kimoja, sokota uwe mwembamba kama penseli, kisha kunja duara. Ukikunjika bila kupasuka, pokea. Ukikatika, huo ni kifusi, mrudishie dereva. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana, kwa sababu mchwa wamepandisha mfinyanzi kutoka chini pamoja na virutubisho. Udongo mweupe wa kaolini kama ule wa Pugu unazuia maji lakini haubebi chakula cha mmea, kwa hiyo uufukie chini tu, usiuchanganye juu.

Gawa jaluba kwenye mistari ya upana wa mita moja.

1. Chimba mstari wa kwanza kina cha sentimita 20, mchanga wake uweke nje ya jaluba.
2. Mwaga mfinyanzi unene wa sentimita 5 chini ya mstari huo. Uloanishe mpaka donge ukilibana mkononi linashikana bila kuchuruzika maji.
3. Shindilia kwa gogo. Tosha ni pale kisigino chako kinapoacha alama hafifu tu.
4. Chimba mstari wa pili, na mchanga wake urushe juu ya mfinyanzi wa mstari wa kwanza. Endelea hivyo hadi mwisho, kisha mchanga uliouweka nje ufunike mstari wa mwisho.

Sakafu nzima itakula kama mita za ujazo 5. Mbili zinazobaki ni za kutengenezea matuta na kuchanganya juu.

Matuta ndiyo yanayosahaulika. Watu wanashindilia sakafu vizuri, halafu wanainua tuta la mchanga mtupu, na maji yote yanatokea ubavuni. Chini ya kila tuta chimba mtaro mwembamba mpaka uikute sakafu, ujaze mfinyanzi, ushindilie, ndipo uinue tuta la sentimita 30 juu yake. Zungukia matuta kila asubuhi kutafuta matundu ya kaa na panya. Tundu moja la kaa linaweza kukausha jaluba usiku mmoja.

Wapo wanaotandika nailoni badala ya mfinyanzi. Inafanya kazi mpaka siku ya kwanza jembe litakapoitoboa, na huwezi kuiziba bila kufukua jaluba zima. Mimi nashauri mfinyanzi.

*Utajua umefaulu hivi.* Jaza maji sentimita 5, simika kijiti chenye alama, na kando yake weka ndoo ya maji ili ujue jua linachukua kiasi gani. Baada ya saa 24 toa kilichopungua kwenye ndoo kutoka kwenye kilichopungua jalubani. Ikibaki chini ya sentimita 1, sakafu ni nzuri. Kati ya 1 na 2, unaweza kulima ukiwa na chanzo cha maji cha uhakika. Ikizidi 2, rudi ukatafute palipovuja. Kumbuka kila sentimita moja kwenye jaluba hili ni lita 1,000, yaani simtanki nzima kila siku. Hakuna mpunga unaolipa maji ya namna hiyo.

## Hatua ya 5: Lisha udongo kabla ya kulisha mpunga

Mfinyanzi umeshika maji. Mboji ndiyo itakayoshika mbolea.

Marejea. Vuli ikishakolea, Novemba, sia marejea kwa kumwaga jaluba zima. Ikianza kutoa maua, wiki saba hadi nane hivi, ikate na uilimie chini ikiwa mbichi. Mizizi yake ina vinundu vinavyovuna nitrojeni hewani, na shina lake laini linaoza haraka. Usingoje ikomae: shina likishakuwa gumu, linachelewa kuoza na linanyang'anya mpunga nitrojeni. Na mbegu zake ni sumu kwa mifugo, kwa hiyo mbuzi wasifike. Wa shimo la chokaa anaweza kutumia kunde au fiwi kwa utaratibu huo huo.

Samadi. Ile ya ng'ombe inapatikana kirahisi kwa wafugaji na karibu na mnada wa Pugu. Tandaza kilo 250 na uchanganye na udongo wa juu, pamoja na mfinyanzi uliobaki. Ya kuku ni kali zaidi, na nyingi ya kuku wa nyama imejaa maranda ya mbao. Ikiingia shambani mbichi, kwanza inaunguza mizizi, baadaye maranda yale yanaifunga nitrojeni na mpunga unakuwa manjano. Irundike, imwagie maji, igeuze kila wiki. Itumie pale harufu inayochoma pua imekwisha na rundo halitoi tena joto ukitia mkono.

Mkaa wa maganda. Maganda mabichi ya mpunga yanachukua muda mrefu kuoza. Yachome taratibu mpaka yawe meusi, uyazime kwa maji kabla hayajawa majivu meupe. Vipande hivyo vyeusi vina vitundu vingi vinavyoshika maji na mbolea kwa miaka. Vichanganye na samadi siku chache kabla ya kutandaza, ili visiingie shambani vikiwa na njaa.

*Utajua umefaulu* ukichimba wiki tatu baadaye: rangi ya udongo wa juu imekuwa nyeusi kidogo, unanukia kama udongo baada ya mvua, na unakuta nyungunyungu. Mchanga uliochimbwa huwa hauna harufu yoyote. Ukinusa kitu kinachooza, maji yalikaa kabla majani hayajaoza. Toa maji, uache wiki mbili.

## Hatua ya 6: Mbegu na kitalu

Kwa shimo la kawaida ninapendekeza SARO 5, ile ambayo kwenye karatasi huandikwa TXD 306. Inakomaa kwa takriban siku 120, ni fupi, na inaitikia mbolea. Supa ina harufu nzuri zaidi na bei yake sokoni inajulikana, lakini ni ndefu, inalala, na inachelewa. Kwenye ardhi inayojifunza upya kushika maji, kila wiki ya ziada ni hatari. Kama sakafu yako bado inavuja, chukua NERICA ya nchi kavu. Kama kuna chumvi, ulizia aina za SATO zilizotolewa kwa ajili hiyo. Hakikisha mfuko una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu.

Yeyusha chumvi kwenye ndoo ya maji mpaka yai bichi lielee. Mimina mbegu, ondoa zinazoelea, suuza zilizozama mara mbili. Loweka saa 24, kisha zifunike kwenye kiroba chenye unyevu kwa siku moja au mbili hadi zitoe ncha nyeupe.

Sia kwenye kitalu cha mita za mraba 2.5 mwanzoni mwa Machi. Kitalu kiwe na udongo mzuri, si wa shimoni.

## Hatua ya 7: Kuchavanga na kupandikiza

Siku chache kabla ya kupandikiza, loanisha jaluba na ulichavange: vuruga udongo na maji mpaka uwe tope laini, halafu usawazishe kwa ubao. Kuchavanga kunaziba vitundu vilivyobaki na kunazika magugu. Usipitishe jembe chini ya sentimita 15, utatoboa sakafu uliyoihangaikia.

Kabla ya kusawazisha, tia DAP au Minjingu yote, zinki yote na nusu ya MOP. Wa shimo la chokaa asifukie zinki, aimwage juu baada ya kuchavanga, maana ikifukiwa kwenye chokaa inakwama.

Pandikiza miche ya siku 15 hadi 18. Wanaofuata kilimo shadidi hupanda mche mmoja kwa nafasi ya 25 kwa 25, na kwenye udongo wenye afya ni sahihi kabisa. Kwenye shimo, mwaka wa kwanza, machipukizi huwa machache. Panda miche miwili kwa nafasi ya 20 kwa 20. Kina kisizidi sentimita 3.

*Utajua umefaulu* siku ya saba: majani mapya ya kijani yanatokea katikati. Kung'oa mche mmoja na kukuta mizizi mipya meupe ni dalili bora kuliko rangi ya majani.

## Hatua ya 8: Mbolea kidogo kidogo

Kwenye bonde zuri urea hutiwa mara mbili. Kwako itiwe mara nne, gramu 310 kila mara, ipimwe kwa mizani ya dukani (ukitumia SA, gramu 675). Udongo wako bado hauna ghala la kutosha. Ukimwaga kilo nzima, mpunga utakula kidogo na iliyobaki itazama na maji.

- Mara ya kwanza: siku ya 10 baada ya kupandikiza.
- Mara ya pili: siku ya 24.
- Mara ya tatu: kisuke kikianza kuumbika. Chukua shina nene, lipasue kwa wembe kutoka chini. Ukiona kitu cheupe chenye manyoya, urefu wa milimita moja au mbili, ndicho hicho. Tia na MOP iliyobaki.
- Mara ya nne: mpunga ukianza kubeba mimba, yaani kisuke kinavimba ndani ya shina, kama majani yamepauka. Yakiwa bado ya kijani kibichi, acha, usiite wadudu na ukungu.

Kila mara punguza maji hadi sentimita 2 au 3, nyunyiza jioni au asubuhi majani yakiwa yamekauka, ziba milango ya maji kwa siku tatu. Usitie mbolea mawingu yakiwa yametanda. Ukitumia samadi ya kuku kilo 80, ruka mara ya kwanza. Mbolea ya ruzuku, iliyoanza msimu wa 2022/2023, inahitaji uwe umeandikishwa kupitia ofisi ya mtaa, kwa hiyo kaandikishwe mapema.

Majani yanazungumza, yasome hivi:

Majani ya chini kuwa manjano kuanzia nchani ni nitrojeni. Majani machanga kuwa manjano huku ya zamani ni ya kijani ni salfa, au chuma kama una chokaa. Wiki ya pili hadi ya nne, vidoa vya rangi ya kutu kwenye majani ya chini na miche kudumaa kwa mabaka, hapo fikiri zinki. Urea haitasaidia.

Majani kuwa ya shaba-shaba kwenye shimo la chemchemi, na ule utando unaovunjika juu ya maji, ni chuma kuzidi. Toa maji yote kwa siku saba hadi kumi ili hewa iingie, ongeza MOP, kisha rudisha maji masafi. Usiende kununua dawa.

Majani kuwa na mistari na mabaka ya manjano huku mmea unadumaa, hata baada ya kutia mbolea, inaweza kuwa kimyanga. Ni virusi, havina dawa. Ng'oa, zika mbali, osha mikono na mundu kabla ya kushika mmea mwingine.

## Hatua ya 9: Maji, palizi na ndege

Usiache maji yasimame muda wote. Jaza sentimita 3 hadi 5, yaache yashuke hadi tope lionekane, jaza tena. Mizizi inapata hewa, na mbu hawapati siku za kutosha kukomaa. Kipindi pekee usichopaswa kukausha ni kuanzia mimba hadi maua.

Palilia siku ya 14 na ya 28 baada ya kupandikiza. Ndago ikiwahi, inakula urea yako kabla ya mpunga.

Punje zikianza kujaa maziwa, jiandae kuamia alfajiri na jioni. Jaluba moja katikati ya mji linavutia ndege wa mtaa mzima. Neti ya bei nafuu juu ya fito inalipa, kwa sababu eneo ni dogo.

## Hatua ya 10: Kuvuna, na cha kuacha shambani

Toa maji siku saba hadi kumi kabla ya kuvuna. Vuna punje nane kati ya kumi zikiwa na rangi ya dhahabu. Piga juu ya turubai, anika kwa tabaka jembamba, geuza kila saa. Punje iliyokauka vizuri inavunjika kwa mlio ukiing'ata.

Ukipata kilo 20 za mpunga mkavu kwenye jaluba msimu wa kwanza, ni sawa na kilo 800 kwa ekari, na kwa ardhi iliyoanza bila udongo wa juu nahesabu hayo ni mafanikio. Ukipata chini ya kilo 10, rudia kipimo cha maji cha hatua ya 4 kabla ya kulaumu mbegu.

Majani ya mpunga usiyachome. Sehemu kubwa ya potasiamu iliyonyonywa imebaki humo. Yakatekate, yatandaze, na ndani ya unyevu uliobaki Julai panda choroko. Itakupa mboga na nitrojeni kabla ya vuli, kisha marejea irudi Novemba.

Mwaka wa pili samadi ipungue iwe kilo 150, mfinyanzi usiongezwe, na zinki usiitie tena isipokuwa vidoa vya kutu virudi. Jaluba la pili lifungue ikiwa tu la kwanza, likijazwa maji Oktoba, linapoteza chini ya sentimita moja kwa siku. Udongo wa juu wa jaluba la kwanza usiuhamishe kwenda kulisha la pili. Anza la pili kwa mfinyanzi na samadi yake lenyewe.